Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Mwezi huu ukurasa wetu unatoka nje ya jiji. Vikundi vya akina mama hapa Kariakoo, vile vya kuweka akiba na kukopeshana, siku hizi haviishii kwenye kugawana fedha mwisho wa mwaka. Vingi hutenga kiasi kidogo kwa ajili ya safari ya pamoja. Wako waliokwenda Bagamoyo kuona magofu, wako waliovuka kwenda Zanzibar, na wako waliokwenda Mikumi kuangalia wanyama. Sasa ninaulizwa: je, yafaa kikundi kifunge safari ya kwenda kuwaona watu wa visiwani, kule Ziwa Victoria?

Yafaa, tena yafaa sana. Ila neno moja katika swali hilo linanisumbua, nalo ni neno "kuwaona". Twiga wa Mikumi tunakwenda kumwona, naye hana habari na sisi. Mama wa kisiwani hatuendi kumwona, tunakwenda kumtembelea. Anayetembelewa ana nyumba, ana kazi zake za siku hiyo, na ana haki ya kukukaribisha au kukuambia urudi kesho. Tukilishika hilo tangu tunapopanga safari, mengine yote yatakaa sawa.

Ziwa lililo juu yetu

Sisi tunaoishi Kariakoo tuko jirani kabisa na usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko juu yetu kwa mita 1,134. Ndiyo maana anayetoka jiji hili lenye joto hushangaa kuona asubuhi za kule zinataka kitenge cha pili mabegani. Mzungu Speke alipofika kwenye ufuko wa Mwanza mwaka 1858, alilipa ziwa jina la malkia wa kwao. Lakini kabla yake wafanyabiashara wa pwani walikwisha kulisikia na kulitaja kwa jina la Ukerewe, yaani jina la kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote ziwani humo. Kisiwa hicho kina ukubwa wa kilometa za mraba kama 530. Kaskazini yake kiko Ukara, kidogo zaidi, chenye kilometa za mraba kama 80. Pamoja na vingine zaidi ya 30 vinafanya Wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza. Wenyeji wake ni Wakerewe, Wakara na Wajita, kila kabila na lugha yake, ingawa Kiswahili kinasikika kila mahali.

Watu hawa si wageni kwetu hata kidogo. Dagaa wa Mwanza tunaowapima kwa kopo sokoni, wengi wametoka kwenye fukwe za visiwa hivyo. Wanaume huwavua usiku usio na mwezi, kwa kuwasha taa ili dagaa wasogelee mwanga. Kukipambazuka, kazi inahamia mikononi mwa wanawake: kununua mtumbwini, kuanika juani, kugeuza, kuwafukuza kunguru, na kukimbia kuanua mvua inapotishia. Mvua ikiwanyeshea dagaa kabla hawajakauka, mtaji wa mama umeoza. Kwa hiyo kila mara unapolalamika kwamba dagaa wamepanda bei, jua kwamba huko ziwani pengine kuna mwenzako ambaye juma lile mvua ilimwahi.

Wenzetu wa mbali walivyofanya

Jambo hili la watu wa mjini kwenda kutazama watu wa visiwani halikuanzia kwetu. Kule Amerika ya Kusini, mpakani mwa Peru na Bolivia, kuna ziwa liitwalo Titicaca, lililo juu milimani kiasi cha mita 3,800. Humo wanaishi Wauros, ambao hukaa juu ya visiwa walivyovitengeneza wenyewe kwa matete yaliyotandikwa tabaka juu ya tabaka. Wageni huja kwa boti kutoka mji wa Puno. Wengi hukaa muda mfupi, hupiga picha, hununua kitambaa kilichodariziwa, kisha huondoka. Wenyeji hupata riziki, nasi hatuwalaumu. Lakini mtu aliyekaa nusu saa amejua nini juu ya mama wa pale? Hajui hata watoto wake ni wangapi.

Katika ziwa hilohilo kuna kisiwa kingine, Taquile. Huko wenyeji waliamua mapema kwamba wageni wakija, watakuja kwa utaratibu wa wenyeji. Boti zikawa zao, na wageni wakalazwa katika nyumba za familia kwa zamu, ili asiwepo mmoja anayeneemeka huku jirani yake akitazama. Na hili litawachekesha: Taquile wanaofuma kofia kwa sindano ni wanaume! Mvulana hufundishwa kufuma tangu utotoni, na kofia ya mwanamume humwambia kila mtu kama ameoa au bado. Wanawake wao hufuma vitambaa na mikanda. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza sanaa yao kuwa urithi wa wanadamu wote.

Nimewataja hawa ili tuone tofauti. Ziwa ni moja, wageni ni walewale, lakini mambo hubadilika kutegemea nani ameushika mlango. Safari yetu ya Ukerewe na Ukara na iwe ya namna ile ambayo mwenye nyumba ndiye anayefungua mlango.

Shule iliyoko Ukara

Labda utauliza, tukifika tutajifunza nini? Nitataja mambo mawili tu, ingawa yako mengi.

La kwanza ni kilimo cha Ukara. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, na ardhi nyingi ni ya mchanga na mawe. Kwa hesabu za kawaida watu wale wangekwisha kuhama zamani. Badala yake walibuni ukulima uliowashangaza wataalamu. Tangu mwaka 1936 maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni waliandika habari zake. Mkara hufunga ng'ombe wake zizini nyumbani na kumletea majani. Samadi haipotei hata kidogo. Hukusanywa na kuchukuliwa shambani. Uwele unapokua, katikati yake hupandwa marejea, mmea ambao baadaye hufukiwa ardhini uoze na kuwa mbolea. Kwenye kingo za ziwa walichimba mashimo ya kuoteshea majani ya mifugo. Miti nayo ina wenyewe: mtu hupanda, hutunza, hurithisha.

Lakini sikiliza sehemu inayofuata, kwani ndiyo yenye fundisho. Wakara wengi walihamia bara kulikokuwa na ardhi tele, na huko wengi wao waliuacha ukulima ule wa taabu. Kwa nini mtu abebe samadi kichwani wakati anaweza kufyeka shamba jipya? Hapo tunaona kwamba maarifa yale hayakutokana na kisiwa kuwa na neema, bali na watu kukubali kwamba walichonacho ndicho hicho, hakiongezeki, na watoto wao watakihitaji. Mama wa Kariakoo anayelea watoto watano katika vyumba viwili vya kupanga anaielewa habari hiyo kuliko bwana shamba yeyote.

Bwana, bibi, na mtoto asiyekuja

Jambo la pili linahusu ndoa. Ukerewe ndiko alikozaliwa, mwaka 1896, mzee Aniceti Kitereza. Alisomeshwa na wamisionari Wakatoliki, akajua lugha kadhaa za kigeni, lakini alipoketi kuandika riwaya aliandika kwa Kikerewe. Aliimaliza mwaka 1945, na hakupatikana wa kuichapa. Miaka ikapita. Hatimaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mzee alifariki mwaka 1981, kabla nakala ya kitabu chake haijamfikia mkononi.

Hadithi yenyewe ni ya mume na mke waliokosa mtoto. Ndugu za mume wanamsema mke kwa maneno ya kuumiza, wazazi wake wanamchukua, na Myombekere anabaki peke yake katika nyumba isiyo na moto jikoni. Wengi tunajua mashauri ambayo mwanaume wa namna hiyo hupewa: oa mwingine. Yeye anakwenda ukweni kumwomba mkewe arudi. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anaitafuta kwa taabu, anailipa, na anamrudisha mkewe nyumbani. Baadaye wanatafuta tiba pamoja, na mwishowe wanajaliwa mwana na binti. Humo ndani kila kitu cha maisha ya Wakerewe kimewekwa: kulima, kuvua, kuzaa, kuuguzana na kuzikana.

Mwandishi aliijua habari hiyo kwa ndani, kwani yeye na mkewe walizeeka bila mtoto wa kuwatunza. Nasi katika vikundi vyetu tunao dada wanaokaa kimya tunapoanza kusimuliana habari za wajukuu. Kama kikundi chako kinakwenda Ukerewe, tafuteni kitabu hicho, msomeane kurasa chache njiani. Huenda dada huyo akapata la kusema. Na hata asiposema, wengine tutajifunza kuchunga ndimi zetu.

Kuvuka maji

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Mabasi ya Mwanza huondokea kituo cha Magufuli, kule Mbezi Luis, na mwendo ni zaidi ya kilometa elfu moja, kwa hiyo msipange kuvuka ziwa siku ileile mtakayofika. Laleni Mwanza mpumzike. Kutoka hapo meli huenda Nansio, makao makuu ya wilaya, kwa mwendo wa saa tatu hivi au zaidi. Njia nyingine ni ya barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, halafu kivuko kifupi hadi Rugezi. Anayeendelea Ukara hufuata barabara hadi Bugolora, na kutoka hapo huvuka hadi Bwisya.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu jina la Bwisya haliwezi kupitwa hivihivi. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikirudisha watu Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Siku hiyo kilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na mizigo yao ya gulio. Kilipinduka mita chache tu kutoka gatini Bwisya, mahali ambapo waliokuwa nchi kavu waliweza kuwaona waliomo. Walikufa watu zaidi ya 220, wakina mama na watoto wao wakiwemo. Wengine walizikwa pamoja hapohapo Bwisya. Na Watanzania walikuwa bado hawajaisahau MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, iliyochukua mamia ya watu katika ziwa hilohilo.

Sisemi haya ili kuwatisha. Mama wa Ukara hana njia nyingine. Akitaka kuuza, kununua au kumpeleka mtoto hospitali kubwa, lazima avuke. Sisi tuna nafasi ambayo yeye mara nyingi hana, nayo ni kusubiri. Kwa hiyo kikundi kiweke sharti hili kabla ya kutoka nyumbani, na mwenyekiti alisimamie bila aibu: chombo kikionekana kimejaa, hatupandi, hata kama nauli imeshalipwa, hata kama giza linaingia. Ulizeni jaketi za kujiokolea ziko wapi na mzivae. Watoto wasikae ukingoni. Chombo kinapokaribia gati, kaeni mlipo hadi kifungwe kamba. Msikimbilie wote upande mmoja. Epukeni siku ya gulio mnapoweza. Na msijaribu kuvuka na mtumbwi wa wavuvi kwa kuokoa saa mbili.

Jambo jingine la mama ni afya. Ziwa linavutia, hasa kwa watoto, lakini kichocho cha tumbo kimeenea sana katika fukwe zake. Vimelea vyake hupenya ngozi mtu akiwa majini. Msiogee ziwani, msifulie, na watoto wasichezee maji ya ufukweni. Maji ya kunywa yachemshwe. Chukueni vyandarua, kwa sababu malaria ipo. Aliyeingia majini akienda kituo cha afya amweleze mganga hivyo. Dawa ya kichocho ipo na si ngumu.

Adabu ya mgeni

Sasa namalizia na mambo ambayo hayaandikwi kwenye tiketi.

Kwanza, pelekeni taarifa mapema. Katika kila kijiji kuna ofisi ya mtendaji, na makanisani kuna vikundi vya akina mama kama vyenu. Ulizeni ni siku gani inawafaa wao. Msimu wa kupanda au kuvuna, ugeni wa watu ishirini ni mzigo.

Pili, zawadi. Tafadhali sana, tusifungashe mabunda ya nguo kuukuu zilizotushinda kabatini, wala tusitupe pipi kwa watoto kama anayerushia kuku mtama. Mtoto akizoea kumkimbilia kila mgeni akiwa amenyoosha mkono, nani alimfundisha? Mpe mama yake mkononi, kwa heshima, kile ambacho ungempelekea wifi yako: sukari, sabuni, doti ya khanga mpya yenye maneno mazuri. Khanga za Kariakoo zina sifa nchi nzima.

Tatu, kupatana bei. Sisi wa mtaa wa Congo na Msimbazi tumelelewa katika kupatana. Tukiambiwa elfu kumi tunaanzia nne. Mkifika ufukweni kwa mama anayeanika dagaa, iacheni tabia hiyo kwenye basi. Huyo anabanwa pande zote: mvuvi anapanga bei ya mtumbwini, na mchuuzi mkubwa anapanga bei ya gunia. Tena zipo fukwe, za kwetu na za upande wa Kenya, ambako mwanamke hapewi samaki mpaka mvuvi apewe kwanza kisichouzwa, na UKIMWI umepita humo. Ukimlipa bei yake kamili bila kumkamua, umempunguzia kidogo ulazima wa kusimama kwenye mlango ule.

Nne, picha. Siku hizi kila mmoja ana simu, na kidole ni chepesi. Omba ruhusa kwanza, tena usiombe huku umeshainua simu. Anayenyonyesha, anayeoga, aliyefiwa, asipigwe picha. Ukerewe wako pia ndugu zetu wengi wenye ualbino. Wamepita kipindi ambacho kutazamwa na mtu wasiyemjua kulikuwa dalili ya hatari ya maisha yao. Msalimie kama unavyomsalimia mwingine, umpe mkono, uendelee na mazungumzo. Na mkifika penye makaburi ya Bwisya, simu zikae mikobani.

Tano, kaeni. Afadhali kijiji kimoja kwa siku mbili kuliko vijiji sita kwa siku moja. Ombeni kushiriki kazi: kugeuza dagaa, kubeba kapu la samadi, kumenya muhogo. Mkono ukishachafuka, ulimi wa mwenyeji hufunguka. Hapo ndipo utakaposikia habari za mkwe msumbufu, za ada ya shule, za mtoto aliyekwenda Dar es Salaam na hapigi simu. Huenda ukagundua mtoto huyo anauza duka mtaa wa pili kutoka kwako.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuitumia methali hiyo tunapotazamia kuku achinjwe kwa ajili yetu. Lakini maneno yenyewe yanamtaja mwenyeji. Yeye ndiye anayetarajiwa kupona kwa sababu ya ujio wetu. Kikao chenu kijacho, kabla ya kuhesabu nauli, ulizaneni swali hili na katibu aandike majibu: tukishaondoka, mama yule wa Ukara atakuwa amepata nini ambacho hakuwa nacho kabla hatujafika? Kama jibu ni picha zetu tu, ahirisheni safari mpaka mpate jingine. Kama jibu ni bei nzuri ya dagaa wake, mnunuzi wa kudumu hapa Kariakoo, na rafiki ambaye mtoto wake anaweza kufikia kwake akija mjini, basi kateni tiketi.

Nawatakia safari njema. Tukutane mwezi ujao.